Kupanga Umeme wa Vifaa vya Ziada Katika Lori la Zamani la Jeshi

Mada kwa semina ya wasafirishaji wa miwa na mafundi umeme wa magari, Kidodi, Wilaya ya Kilosa

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna ya kupanga taa za kazi, redio na chaja katika malori yaliyotoka jeshini kabla ya msimu wa miwa. Mada hii haimlengi mtu wala karakana yoyote.

2. Maana ya maneno

Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa mkondo, na wati ni volti mara ampea. Hayo mnayajua, tuendelee.

3. Tatizo: kunyonya betri moja

Malori mengi ya jeshi, Bedford MK la Waingereza likiwemo, ni ya volti 24: betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Redio nyingi za dukani ni za volti 12. Basi fundi anavuta waya kutoka kwenye muungano wa betri hizo, redio inaimba, analipwa, anaondoka.

Tupige hesabu. Redio na chaja za wati 60 zinakula ampea 5. Lori likikaa saa 6 kwenye foleni ya mzani kiwandani, injini imezimwa, betri ya chini, yaani ile ya upande wa ethi, inapoteza ampea-saa 30. Ya juu haijaguswa. Injini ikiwaka, alteneta inatoa kama volti 28 kwa jumla, wala haijui ipi ina njaa. Ya chini ikiwa na volti 12.6, ya juu inabebeshwa 15.4. Inachemka na kukauka maji, huku ya chini haijai kamwe na sahani zake zinashika salfati. Moja inakufa kwa njaa, nyingine kwa kuvimbiwa.

Kisha lawama inapewa alteneta. Inafunguliwa, inafungwa, na waya ule uko palepale! Tumelisema hili semina baada ya semina.

4. Mapendekezo

(i) Orodhesha wati za vifaa vyote kabla ya kununua, ulinganishe na uwezo wa alteneta.
(ii) Tanguliza vifaa vinavyokubali volti 24. Taa nyingi za kazi za LED zimeandikwa volti 10 hadi 30.
(iii) Kwa kifaa cha volti 12, funga konveta inayochukua umeme kwenye betri zote mbili.
(iv) Usinyonye betri moja.
(v) Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi uwezo wa waya.
(vi) Taa za kazi zipitie relei.
(vii) Kwangua rangi na kutu panapofungwa ethi.
(viii) Betri zibadilishwe mbili kwa pamoja, aina na ukubwa mmoja.
(ix) Pima kila betri peke yake. Volti 24 za jumla huficha ugonjwa.
(x) Narudia: usinyonye betri moja, hata kwa chaja ya simu.

5. Hitimisho

Kwa heshima, napendekeza semina ipitishe azimio moja: mwenye lori asimlipe fundi kabla ya kuonyeshwa vipimo vya kila betri, injini ikiwa inanguruma na vifaa vikiwa vimewashwa.