Kuondoa Ruti kwenye Simu ya Android: Kazi Isiyoishia kwenye Kufuta Programu

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya mafundi simu



Utangulizi

Sote tunamfahamu mteja huyu. Simu kainunua mkononi, nzuri, bei poa. Wiki ya pili anakuja kibandani analalamika: programu ya benki inamwambia kifaa chake si salama, kisha inajifunga. Fundi anaipekua, anakuta programu ya kusimamia ruti, anaifuta, anarejesha mipangilio ya kiwandani, anapokea hela yake. Kesho yake asubuhi mteja amesimama mlangoni, benki bado imegoma.

Fundi huyo hakumwibia mtu. Alichokosea ni kudhani kwamba ruti inakaa ndani ya ile programu aliyoifuta. Hoja yangu leo ni kwamba kuondoa ruti maana yake ni kuirudisha simu mahali ambapo kila hatua ya kuwaka kwake inathibitika kuwa imetoka kwa mtengenezaji. Kazi isipofika hapo haijaisha, hata kama hakuna alama yoyote inayoonekana kwenye kioo.

Ruti inakaa wapi

Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na Linux inamtambua kila mtumiaji kwa namba. Kila programu unayoiweka kwenye simu hupewa namba yake, kuanzia 10000 na kuendelea, na chumba chake cha kutunzia vitu. Ndiyo maana mchezo wa watoto hauwezi kufungua faili za programu ya benki. Mwenye namba 0 ndiye ruti, na huyo haulizwi: anasoma chumba cha yeyote, anafuta faili za mfumo, anabadilisha anachotaka.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Unganisha simu ya kawaida kwenye kompyuta, washa utatuzi wa USB, fungua adb shell, andika id. Utajibiwa uid=2000, yaani wewe ni mgeni mwenye ruhusa chache. Kwenye simu iliyorutiwa, andika su, mwenye simu akubali ombi litakalotokea kwenye kioo. Ile alama ya dola mwanzoni mwa mstari inageuka kuwa alama ya reli, na ukiandika id tena unajibiwa uid=0. Kuanzia hapo simu yote ni yako, na ni ya programu yoyote iliyopata kibali hicho hicho.

Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliyouzwa na T-Mobile kwa jina la G1 mwaka 2008, haikuhitaji hata ufundi. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na hitilafu ya kuchekesha: ulichoandika kwenye kibodi kilipelekwa pia kwa ruti kama amri. Mtu anamwandikia mwenzake neno reboot, simu inazima na kuwaka upya. Google waliziba tundu hilo haraka, lakini kwa miaka kadhaa iliyofuata kuruti kulibaki kazi ya kutafuta tundu lingine, kisha kupachika faili dogo liitwalo su ndani ya sehemu ya mfumo. SuperSU ya Chainfire ndiyo iliyotawala enzi hizo, na kuiondoa kulikuwa rahisi kwa kiasi: ndani yake kulikuwa na sehemu ya kuondoa ruti yote, unabonyeza, simu inawaka upya, yamekwisha.

Mambo yalibadilika Android ilipokaza ulinzi. Kuanzia Android 5.0 SELinux ilianza kulazimishwa kwa mfumo mzima, na Android 7 ikaleta ukaguzi mkali wa mfumo wakati wa kuwaka. Kugusa sehemu ya mfumo kukawa hatari. Mwaka 2016 kijana wa Taiwan, John Wu, akatoa Magisk, ambayo haigusi mfumo kabisa. Inachokibadilisha ni faili la kuwashia simu, lile tunalolijua kwa jina la boot.img, au init_boot.img kwa simu nyingi zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi. (Mwaka 2021 Google wenyewe wakamwajiri katika kitengo cha usalama wa Android. Wenye akili hawagombani na fundi mzuri.)

Sasa rudini kwa yule mteja wetu. Kurejesha mipangilio ya kiwandani kunafuta sehemu ya data: picha, programu, akaunti. Hakugusi sehemu ya kuwashia simu, wala hakufungi butiloda iliyofunguliwa. Programu ya Magisk imepotea kwenye menyu, lakini faili la kuwashia bado ni lile lililochakachuliwa. Benki inauliza kupitia mfumo wa Google wa Play Integrity, inajibiwa kwamba kifaa hiki hakiaminiki, inajifunga. Iko sahihi.

Ruti ambayo mwenye simu hakuiomba

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo hatari kubwa ilipo kwa wateja wetu wa simu za bei nafuu.

Mwaka 2019 mafundi wa nchi nyingi walianza kukutana na kirusi kiitwacho xHelper. Oktoba mwaka huo kampuni ya Symantec ilikadiria kuwa kimeingia kwenye simu 45,000. Unakifuta, kinarudi. Unarejesha mipangilio ya kiwandani, kinarudi. Aprili 2020 watafiti wa Kaspersky walieleza sababu. Kwenye simu za Android 6 na 7, hasa za watengenezaji wadogo wa China, kirusi kilikuwa kinajipatia ruti chenyewe, kinafungua sehemu ya mfumo iandikike, kinajinakili humo na kuziwekea faili zake alama ya kutofutika. Kisha kinabadilisha maktaba ya mfumo, libc.so, ili mtu mwingine asiweze tena kuifungua sehemu hiyo na kukifuta. Kiliingia, kikafunga mlango kwa ndani.

Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream na BuzzFeed News waliripoti kuwa xHelper na ndugu yake Triada vimekutwa kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika, zikiwemo za Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini. Transsion, wenye chapa hiyo, walimtupia lawama msambazaji mmoja katika mnyororo wao. Mnunuzi hakuruti chochote. Alifungua boksi jipya, akaweka laini, bando likaanza kuyeyuka.

Kwa hiyo simu inapokuja inakula bando usiku, inaleta matangazo juu ya kila kitu na programu zinajiweka zenyewe, usimuulize mteja kwa ukali nani kairuti. Huenda hakuna mtu aliyeiruti. Na dawa yake ni moja: kupiga flashi femweya rasmi, nzima, kutoka kwa mtengenezaji, mradi yenyewe iwe safi. Programu za kusafisha virusi zitakupotezea muda.

Kazi yenyewe mezani

Kabla ya kushika waya, piga *#06# mbele ya mteja na uandike IMEI zote mbili kwenye risiti. Muulize kama anaikumbuka akaunti yake ya Google na nywila yake. Wateja wengi Gmail zao zilifunguliwa na muuzaji siku ya kununua simu, hawazijui, na tangu Android 5.1 simu iliyofutwa bila akaunti kuondolewa kwanza inaweza kudai akaunti ileile. Kisha hifadhi nakala: namba za watu, picha, mazungumzo ya WhatsApp. Nakala hizo ni mali ya mteja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na fundi anayebaki na picha za watu kwenye laptopu yake hana pa kujificha.

Kama ruti ni ya Magisk na imewekwa vizuri, ingia kwenye programu yake, chagua kuiondoa kabisa. Italirudisha faili la asili kama nakala yake ipo, itafuta moduli, itawasha simu upya. Kama nakala haipo, tafuta faili la asili la toleo hilohilo, namba ya muundo kwa namba ya muundo. La toleo jirani linaweza kuizuia simu isiwake. Ruti za kubonyeza mara moja, mfano wa KingRoot, mimi siziamini hata zikisema zimejiondoa. Hizo napiga flashi nzima.

Ukimaliza, washa simu, hakikisha inafika kwenye menyu, ndipo ufunge butiloda kwa amri ya fastboot flashing lock au kwa njia ya mtengenezaji. Mpangilio huu hauna mjadala. Ukifunga butiloda wakati ndani bado kuna faili lililochakachuliwa, simu itakataa kuwaka, na baadhi yake hutazifungua tena. Vilevile, usizime ruhusa ya kufungua OEM kwenye chaguo za wasanidi mpaka uone simu imewaka salama ikiwa imefungwa. Usishushe toleo kwenda la zamani, simu nyingi za sasa zinakumbuka toleo la juu zililofikia. Na mwambie mteja mapema kwamba kufunga butiloda kunafuta data tena.

Kwa Samsung tunatumia Odin, na wengi mnaijua. Kumbuka CSC inafuta kila kitu, HOME_CSC inabakiza data. Jambo ambalo mteja lazima alisikie kabla hajalipa ni Knox. Simu ikishawashwa na femweya isiyo rasmi, fyuzi ndani ya prosesa inaungua na Knox inasoma 0x1. Hairudi, hata kwa femweya mpya kabisa. Secure Folder imekwenda moja kwa moja. Anayekuahidi kuirudisha kwa elfu hamsini anakudanganya.

Kwa MediaTek, ambazo ndizo nyingi mezani kwetu, adui ni kitufe kimoja ndani ya SP Flash Tool: kile cha kufuta kila kitu kisha kupakua. Kinafuta pia NVRAM, mahali IMEI inapokaa. Simu inawaka vizuri, haina mtandao. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huanza kuandika IMEI ya kubuni, na hapo ndipo kazi ya ufundi inapogeuka kuwa kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mnaikumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu zenye IMEI zisizotambulika. Chagua kupakua tu, na hifadhi NVRAM kabla.

Uthibitisho ufanyike mteja akiwa anaangalia. Kwenye MediaTek, yale maandishi ya Orange State na kusubiri sekunde tano wakati wa kuwaka yawe yametoweka. Fungua mipangilio ya Play Store, sehemu ya kuhusu, uone kama Play Protect inakitambua kifaa kuwa kimeidhinishwa. Piga tena *#06#, linganisha na risiti, na IMEI itumwe kwenda 15090 kama kuna shaka. Mwisho mteja afungue benki yake mwenyewe, kwa namba yake ya siri, fundi akiwa ameangalia pembeni.

Anayetaka kubaki na ruti

Si kila ruti ni ya kuondolewa. Msanidi programu anaihitaji, mtafiti wa usalama anaihitaji, na yupo anayefufua simu ambayo mtengenezaji aliacha kuipa masasisho. Zamani tulikuwa wengi: simu ya GB 4 ilikuwa haina nafasi ya kupumua bila kuhamishia programu kwenye memori kadi. Leo sababu hizo zimepungua. Hata zile programu za kiwandani zisizofutika unaweza kumwondolea mtumiaji kwa adb, kwa amri ya pm uninstall --user 0, bila ruti yoyote.

Anayebaki nayo aisimamie. Kila programu iombe, ikataliwe kwanza, ipewe tu inayojulikana kazi yake. Daftari la maombi lipitiwe. Utatuzi wa USB uzimwe kazi ikiisha. Na simu hiyo isiwe ya fedha: ruti inayosoma chumba cha kila programu inasoma pia cha benki na meseji zenye namba za uthibitisho. Huduma ya fedha ya *150*00# itaendelea kufanya kazi juu yake kwa sababu haikagui simu, lakini hilo halimaanishi simu ni salama.

Limebaki ombi tunaloletewa kila siku: fundi, ifiche ruti, benki isione. Inawezekana kwa muda. Tangu Mei 2025 Google wanadai uthibitisho unaotoka ndani ya chipu yenyewe kwa simu za Android 13 na kuendelea, na kila mwezi mbinu ya jana inakufa. Ukimfichia mteja leo, umemuuzia tatizo litakalomkuta yuko dukani anataka kulipa. Na akiibiwa, jina litakalotajwa ni lako. Mimi nasema tusiifanye kazi hiyo kwa bei yoyote.

Ombi langu kwa semina hii ni dogo. Tukubaliane leo kuwa na risiti moja ya kazi za flashi kwa vibanda vyote: IMEI kabla na baada, namba ya muundo, hali ya butiloda, na sahihi ya mteja kwamba ameelezwa data itafutika. Aliyeko Mtaa wa Aggrey, Dar es Salaam, na aliyeko wilayani aijaze ileile. Nimekuja na nakala, ziko mezani kwa katibu, chukueni mziboreshe.