Kidonda kilicho kati yetu



Vita vya mwaka 1998 hadi 2003 vilipita hapa kusini mwa Maniema. Hata baadaye, watu wa Kabambare walikimbia tena, kwa mapigano ya Mai-Mai Malaika upande wa Salamabila, penye dhahabu ya Namoya.

Tuchukue mfano. Mama wa Kabambare alikimbilia Kasongo kwa jamaa, akakaa miaka miwili. Anarudi, anakuta kinu chake kwa jirani. Jirani anamwambia: “Mama, ya vita yamepita, tusahau.” Tangu siku hiyo mama hapati usingizi. Watu wanasema: kichwa chake kimeharibika.

Je, ugonjwa uko kichwani mwake tu? Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha matibabu ya mazungumzo, alitafuta chanzo cha mateso hasa ndani ya mtu, katika tamaa na hofu anazozificha. Mwenzake Sándor Ferenczi, wa Hungaria, alionyesha mwaka 1932 kwamba mtoto aliyetendewa ubaya na mkubwa huumia zaidi pale mkubwa anapojifanya hakuna kilichotokea. Hata daktari, asipokiri makosa yake mwenyewe, anakitonesha kidonda kilekile. Mwaka 1983, huko Marekani, Jay Greenberg na Stephen Mitchell waliandika kitabu kilichofungua njia ya mtazamo wa mahusiano: roho ya mtu hujengwa kati ya watu, huvunjika kati ya watu, na huponea kati ya watu.

Mimi nilisoma sheria. Sheria huuliza: kinu ni cha nani, nani alikichukua? Ni lazima iulize. Lakini hukumu yaweza kurudisha kinu, usingizi usirudi.

Kwa hiyo, jirani, usianze na “tusahau”. Sema: “Kinu ni chako. Nilikichukua. Nilikuona unakimbia na watoto, nikanyamaza.” Hapo mama anajua kwamba hakuota, na kwamba wewe nawe unajua.

Nawe mzee unayepatanisha kwenye barza, usidhani uko pembeni. Ukimkatiza mama, jiulize: nimechoka, au maneno yake yamegusa woga wangu? Ukiona umekosea, mwambie mbele ya watu: “Mama, nilikukatiza. Endelea.”

Tusichanganye mambo. Mauaji na ubakaji ni kazi ya mahakama, wala haki haiuzwi kwa mbuzi. Tena asilazimishwe mtu kukaa uso kwa uso na aliyemtesa. Lakini huyo naye anahitaji mtu wa kumsikia na kumwamini.

Leo jioni, jirani akianza kusimulia, mwache amalize.