Chanjo ni Darasa la Mwili
(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi wa Thika na Ruiru, baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu wa Kiislamu, mama zetu na baba zetu. Baada ya kumshukuru Allah (SW) na kumswalia Mtume wetu (SAW), naanza na kisa cha nyumbani. Dada yangu anakaa Ruiru. Mwanawe alitimiza miezi 18 ndani ya Ramadhan, dada akasema kliniki ingoje mpaka baada ya Idd. Mtoto alishachanjwa ya miezi 9, ati inatosha. Idd ikapita, tukasahau sote. Mtoto akapatwa na ukambi (surua). Alhamdulillahi alipona, lakini usiku tuliokesha naye sitausahau.

Sasa, chanjo hufanya nini mwilini? Wengi wetu twajua kingamwili, zile zinazokamata virusi kwenye damu. Lakini virusi hujificha ndani ya seli, na humo kingamwili haziwezi kuvifuata. Hapo ndipo zinapokuja seli T, askari walio miongoni mwa chembe nyeupe za damu. Seli iliyoingiliwa hutoa vipande vya virusi nje ya ukuta wake, mfano wa mwenye nyumba aliyevamiwa anayepunga kitambaa dirishani. Seli T ikivitambua, huiua seli hiyo kabla haijatoa virusi vingine. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel waligundua utambuzi huu miaka ya 1970, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Ukambi wenyewe ni ushahidi. Watoto waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili kwa kawaida huupona. Waliokosa seli T ndio unaowazidi nguvu, hata kuwaua.

Chanjo ya ukambi ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Huingia katika seli, vipande vyake hupelekwa kwenye tezi, na huko seli T chache zinazovitambua huzaana zikawa maelfu kwa maelfu. Mtoto akipata homa ndogo kama wiki moja baada ya sindano, jueni darasa linaendelea. Baadaye nyingi hufa, hubaki zenye kumbukumbu. Hizo ni kama hafidh: hata miaka ipite, ukimwanzia aya, anaendelea.

Mbona basi mara 2? Kwa sababu katika watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, kama 15 hivi hawapati kinga. Wengine bado wana kingamwili za mama zao, nazo huvimaliza virusi vya chanjo kabla somo halijashika. Kwa macho huwezi kumjua ni yupi. Sindano ya miezi 18, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2013, ni nafasi yake ya pili.

Wazazi, mtoto mchanga hafungi, na kumpeleka kliniki hakukufunguzi wewe. Vijana, leo kabla ya futari fungueni kitabu cha kliniki cha mdogo wako. Nafasi ya miezi 18 ikiwa tupu, iwe Thika au Ruiru, vituo vya afya vya serikali huchanja bure. Usingoje Idd.