Mtu wa Tatu Kule Tokyo

Ninyi mlioko kwenye mashamba ya chai, tangu Kericho mpaka Bomet, mnajua sana jinsi mzani unavyotangaza mambo. Kikapu kinatundikwa, karani anaandika kilo, na papo hapo kila mtu anajua ni nani amewapita wenzake. Wa tatu hatajwi. Leo basi nataka tuzungumze habari za mtu wa tatu.

Huyo ni Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho, aliyekuwa askari jeshini. Tarehe 16 Oktoba 1964, mjini Tokyo, alishindana na wakimbiaji wengine saba katika fainali ya mita 800. Kenya ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja tangu kupata uhuru. Peter Snell wa New Zealand alishinda, Bill Crothers wa Kanada akamfuata, naye Kiprugut akafika wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.9. George Kerr wa Jamaika aliandikiwa muda ule ule, lakini akahesabiwa wa nne, asipate kitu. Jamani, huenda ilikuwa tofauti ya kifua tu!

Nishani ile ya shaba ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa Kenya katika Olimpiki, na ndiyo pekee tuliyoipata Tokyo. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba wapigao mbio ni wengi, lakini apewaye tuzo ni mmoja. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Wagiriki wa kale: taji la mshindi peke yake. Kama desturi ile ingalidumu, Kiprugut angalirudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville, alikuwa wa kwanza mita 400 na mita 800. Kisha ikaja Mexico, 1968. Safari hii alitoka mbele kwa kasi, akawaongoza wenzake mpaka karibu na mwisho, ndipo Ralph Doubell wa Australia alipompita. Doubell alitumia dakika 1 na sekunde 44.3, akaifikia rekodi ya dunia. Kiprugut alitumia 44.5. Fedha.

Lakini Mexico Kenya ilipata nishani 9, tatu zikiwa dhahabu: za Keino, Temu na Biwott. Jina la Keino hata watoto wanalijua. Fedha ya Kiprugut ilimezwa na furaha ile, na mimi sioni kama ilikuwa haki. Wenzake walipita katika njia ambayo yeye alikuwa ameifyeka kwanza.

Mwezi Agosti 2021 Olimpiki ilirudi Tokyo. Katika mita 800 Emmanuel Korir alikuwa wa kwanza na Ferguson Rotich wa pili, wote wawili Wakenya. Mzee Kiprugut alikuwa angali hai siku hiyo. Alifariki tarehe 1 Novemba 2022.