Wavuvi wa Lamu na Sisi Wafanya Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa kusema juu ya mtambo wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Lamu. Twajua wako kati yenu wanaouliza, "Hayo ni mambo ya wavuvi, yatuhusu nini sisi wa karakana na wa bandarini?" Na wako wanaouliza swali lililo zito zaidi: "Chama cha wafanya kazi chaweza kusimamaje pamoja na watu wanaokataa kazi?" Maswali yote mawili ni ya haki, na leo twataka kuyajibu waziwazi.

Kwanza tuitazame habari yenyewe, tusije tukabishana juu ya uvumi. Mtambo huo ulikusudiwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara ya Lamu, kando ya ghuba ya Manda. Nguvu zake zingekuwa megawati 1,050, na gharama yake kama dola bilioni 2 za Marekani. Kampuni iliyopewa kazi hiyo ni Amu Power. Makaa yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, mpaka hapo yatakapochimbwa ya kwetu huko Kitui.

Mtambo wa namna hii hufanya kazi hivi. Makaa huchomwa, maji yakachemka, na mvuke ukazungusha mashine ya umeme. Mvuke ule hauna budi kupozwa urudi kuwa maji, na huko Lamu ungepozwa kwa maji ya bahari, yavutwe kwa pampu kisha yarudishwe baharini yakiwa na joto. Moshi hutoka juu katika dohani. Yabaki majivu, nayo yangelundikwa papo hapo, karibu na ufuo. Majivu ya makaa yana sumu ndani yake, kama zebaki, risasi na aseniki. Sisi tuliofanya kazi penye vumbi twajua kwamba vumbi halisomi bango la kukataza kupita.

Sasa mfikirieni mvuvi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Katika mizizi ya mikoko hiyo ndimo samaki wadogo hukua, na kaa, na kamba. Mvuvi mwenye dau au mashua ndogo hawezi kwenda kuvua bahari kuu. Riziki yake iko ndani ya ghuba na mikono ya bahari. Ukipasha moto maji hayo na kuyatia uchafu, umemfungia karakana yake. Yeye hana tajiri wa kumpa notisi ya mwezi mmoja, wala kiinua mgongo, wala chama cha kwenda kumsemea ofisini. Mji wenyewe wa Lamu, ulioandikwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, hupata sehemu ya chakula chake kwa wageni wanaokuja kuutazama. Hao nao, wapishi, manahodha na watandika vitanda, ni wafanya kazi kama sisi.

Watu wa Lamu hawakurusha mawe. Walisoma sheria. Mwezi wa Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira, iliipa kampuni leseni. Mwaka huo huo chama cha wenyeji kiitwacho Save Lamu, pamoja na wenziwe 5, walipeleka rufani mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Kesi ilikwenda karibu miaka mitatu. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo liliifuta leseni hiyo.

Sababu kubwa ya hukumu ile yatupasa kuishika sana sisi watu wa vyama. Jopo halikusema kwamba makaa ni haramu. Lilisema wananchi hawakushirikishwa kama sheria itakavyo. Kanuni za mwaka 2003 zataka watu waelezwe kwa mabango, kwa gazeti, na kwa redio, katika lugha ya serikali na lugha ya wenyeji. Zataka pia mikutano isiyopungua 3 na wale watakaoguswa. Mikutano ilifanywa, ndiyo, lakini ilikuwa ya kujulishana tu, kabla uchunguzi haujakamilika. Ripoti yenyewe ilipokuwa tayari, watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuielewa na kuijibu. Ni kama tajiri kuwaita wafanya kazi chai, akawapa mkono, kisha akasema mapatano yamekwisha kufanywa. Nani kati yetu angekubali?

Kampuni ilikata rufani, na mambo yakaendelea. Mwaka 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema haitautia fedha mtambo huo. Mwaka 2020 benki kubwa ya Uchina, ICBC, nayo ikajitoa. Na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufani ya kampuni, hukumu ya Jopo ikabaki palepale. Tangu leseni mpaka hapo ni miaka 9. Watu wa visiwa vidogo walivumilia miaka 9.

Sasa turudi kwenye swali la kazi, maana ndilo linalouma. Hatutaki kuwadanganya: wako watu wa Lamu walioutaka mtambo. Kijana asiye na kazi akiambiwa kuna kazi, husimama. Na wakulima wa Kwasasi ambao mashamba yao yalipimwa walikaa miaka wakingoja fidia, na kila mwaka wa kungoja ni mwaka wa hasara. Mwenye kuwacheka watu hao hajui njaa. Chama chetu hakiwezi kumwambia mtu asitake kazi.

Lakini chama chaweza kuuliza: kazi gani? Kazi za kujenga ni nyingi, ila ni za muda. Jengo likisimama, kibarua hurudishwa nyumbani. Kazi za kuendesha mtambo ni chache, nazo zataka mafundi waliofunzwa. Kijana wa Lamu angefunzwa wapi, lini, na kwa gharama ya nani? Na yule atakayeshika koleo penye makaa na majivu, mapafu yake yangepimwa na daktari yupi? Ahadi za kazi zilisemwa kwa mdomo katika mikutano. Sisi tuna msemo, mali bila daftari huisha bila habari. Kazi isiyoandikwa mahali, idadi yake, muda wake na mshahara wake, bado haijawa kazi.

Liko na jambo la bei. Mwaka 2018, saa ile ambayo nchi nzima ilitumia umeme mwingi kuliko saa zote, haukufika megawati 2,000. Mtambo mmoja wa megawati 1,050 ungekuwa zaidi ya nusu ya matumizi hayo. Na mikataba ya mitambo ya namna hii humlipa mwenye mtambo kwa kuwa tayari tu, hata umeme wake usipochukuliwa. Tulikwisha kuonjeshwa jambo hilo huko Turkana: mtambo wa upepo wa megawati 310 ulikuwa tayari kabla nyaya za kuuleta umeme hazijafika, na serikali ikalazimika kulipa fedha kwa umeme usioonekana. Fedha hizo hatimaye hutoka kwa mwananchi. Bili ya kiwanda ikipanda, tajiri hutuambia hana nyongeza ya mshahara. Na bili ya nyumbani ikipanda, hata nyongeza tuliyoipata humezwa. Basi msiseme tena kwamba habari hii ni ya wavuvi peke yao.

Wengine watasema, "Si wangelipwa fidia tu?" Tazameni habari ya bandari ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema kwamba haki za wavuvi zilivunjwa, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza la bandari ile likaanza kazi mwezi wa Mei 2021, na mwaka huo wavuvi walikuwa bado wanazungumzia malipo yao. Meli hazikungoja, wavuvi ndio walioambiwa wangoje. Hukumu ni kitu kimoja, na fedha mkononi ni kitu kingine. Ndiyo maana haki ya kuulizwa kabla ya kazi kuanza ina thamani kuliko fidia ya baadaye.

Haki hiyo si ngeni kwetu. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wengine wengi, waliacha kazi. Mji ukasimama. Kabla ya hapo walikuwa wameambiwa mara nyingi kwamba mambo yao yanashughulikiwa. Baada ya mgomo serikali iliweka baraza la kuwasikiza chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Wazee wale walitufunza kwamba mtu huhesabiwa pale anapokataa kuamuliwa mambo yake akiwa nje ya mlango. Watu wa Lamu wametumia mahakama badala ya mgomo, lakini somo ni lile lile.

Ndugu, sisi si adui wa umeme. Karakana haiendi kwa mshumaa. Nchi yetu ina mvuke wa chini ya ardhi huko Olkaria, ina upepo na ina jua, na penye kazi hizo nako pana wafanya kazi wanaostahili chama. Na mitambo haitakoma kutakiwa pwani. Huko Uyombo, Kilifi, mwaka 2024 wenyeji walisimama kuupinga mpango wa mtambo wa nyukilia, na kelele ni zile zile: bahari yetu, samaki wetu, mbona hatukuulizwa? Habari nyingine ya namna hii itakuja, pengine mlangoni petu. Haifai itukute tumelala.

Kwa hiyo twaomba tawi hili likubali mambo manne.

La kwanza: mradi wowote mkubwa utakaoletwa pwani, chama kidai ripoti yake kwa Kiswahili kabla ya mkutano wa hadhara.

La pili: ahadi ya kazi iandikwe. Ni kazi ngapi, za muda gani, za mshahara gani, na mafunzo yatatolewa na nani. Tena haki ya wafanya kazi kujiunga na chama ikubaliwe kabla jiwe la msingi halijawekwa.

La tatu: tuulize habari za afya ya watakaofanya kazi ndani na ya watakaokaa nje, maana upepo huvuma pande zote mbili za ukuta.

La nne: tuwaite viongozi wa wavuvi waje kukaa nasi, tuwasikize. Mvuvi ni mfanya kazi asiye na tajiri. Akiwa peke yake, atashindwa. Na sisi tukiwa peke yetu, tutaambiwa kila mara tuchague kati ya mshahara wetu na chakula cha jirani yetu. Uchaguzi huo tusikubali kuwekewa na mtu. Mwenye kutulazimisha kuchagua hivyo ndiye apatae faida tukigombana.

Kabla ya kupiga kura, kila mmoja na aulize lililo moyoni mwake, hata kama ni la kupinga. Afadhali tugombane hapa ndani kwa maneno kuliko kukubali kimya na kunung'unika njiani. Tumewaeleza wavuvi waliodai kuulizwa. Haitakuwa haki sisi tukapitisha jambo bila ninyi kuulizwa.

Umoja ni nguvu.