Mwenye Mali Ana Haki ya Hesabu

(Mada iliyotolewa kwa waumini wa Kiwalani, Dar es Salaam)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.



Sisi wa Kiwalani ni majirani wa uwanja wa ndege. Ngurumo zake hutukuta hata tukiwa katika sijda. Wachache miongoni mwetu wamezipanda ndege hizo, lakini sote tumezilipia. Anayenunua sabuni dukani au kuweka salio katika simu ametoa kodi, na sehemu ya kodi hiyo hulinusuru Shirika la Ndege la Tanzania, ATCL. Je, mlipa kodi anafaidika?

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1977, baada ya kusambaratika shirika la ndege la Afrika Mashariki. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa ziliuzwa kwa shirika la ndege la Afrika Kusini. Mwaka 2006 ubia ukavunjika na mzigo ukarudi serikalini. Kufikia mwaka 2016 shirika lilikuwa hoi, ndipo serikali ikaanza kununua ndege mpya na kulikodishia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameripoti hasara ya shilingi bilioni 56.6 kwa mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24. Hasara hiyo ya pili imepatikana licha ya ruzuku ya shilingi bilioni 99.8.

Watetezi wana hoja, na uadilifu unatutaka tuisikilize. Wanasema injini za baadhi ya ndege za Airbus zilikuwa na kasoro ya kiwandani zikasimamishwa, na hilo ni kweli. Wanasema pia kwamba ndege huleta watalii na humuwahisha mgonjwa wa Kigoma kufika Muhimbili. Naam. Basi huduma ya Kigoma iandikiwe hesabu yake, ijulikane kuwa ni huduma kwa umma na gharama yake ni kiasi gani. Ikichanganywa na hasara ya biashara, uzembe hupata pa kujificha nyuma ya mgonjwa.

Fiqhi ya mudharaba inatufaa hapa. Mmoja hutoa mtaji, mwingine hutoa kazi. Ikitokea hasara bila ya uzembe, mwenye mtaji huibeba, na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Lakini akizembea au akivunja masharti, hulipa yeye. Katika mashirika yetu mambo yamepinduka: mwenye mtaji, yaani mimi na wewe, hubeba hasara ya kila namna, na msimamizi mshahara wake hauguswi.

Marekani mwaka 2008 na 2009 iliyanusuru mabenki na kampuni ya magari ya General Motors. Mabenki kwa ujumla yalirejesha zaidi ya yaliyopewa (kwa njia za riba, ambazo hatuziigi). Kwa General Motors serikali ilichukua hisa, ikauza za mwisho Desemba 2013, na walipa kodi wakapoteza takriban dola bilioni 10. Ni hasara kubwa, ila ilikuwa na tarehe ya mwisho na kiasi kilichojulikana. Ya kwetu haijafungwa daftari.

Suratun-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Naye Mtume (s.a.w.), alipomtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka akarudi akijitengea alichoita zawadi zake, alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu. Hakuliacha liishie ofisini.

Kwa hiyo mbunge atakapokuja kwetu, tumuulize: ruzuku hii ina ukomo wa mwaka gani? Njia ipi ya ndege inaingiza faida, na ipi inalishwa? Na katika hasara ya bilioni 91.8, ni kiasi gani ni kasoro ya injini, na ni kiasi gani ni uamuzi wa mtu?

Wabillahi tawfiq.