Wimbo Wenye Shaka: Kuumaliza au Kuuacha?

Kila mtunzi wa nyimbo, awe wa taarab, wa kwaya, wa muziki wa dansi au wa kizazi kipya, ana akiba ya nyimbo ambazo hazikwisha. Zamani akiba hiyo ilikaa katika daftari na kanda za kaseti. Leo imo ndani ya simu ya mkononi. Ubeti wa kwanza umetimia, kiitikio kinapendeza, kisha wimbo umesimama. Jioni mtunzi huusikiliza akauona una uhai; asubuhi akiusikiliza tena humtia haya. Hapo ndipo linapozuka swali: aumalize wimbo anaoutilia shaka, au auache?

Swali hilo si dogo. Mtunzi wa Kiswahili anayeishi Muscat, London au Minneapolis mara nyingi hutunga usiku, baada ya kazi ya kutwa, na saa za studio hulipiwa. Miezi iliyotumika katika wimbo usiofaa hairudi. Kwa upande wa pili, wimbo mzuri uliotupwa hauna wa kuulilia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuusikia. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wako watunzi waliolifanya neno hilo kuwa sheria: kila walichoanza hukimaliza. Wako wengine ambao huacha mara tu shaka linapoingia. Makundi yote mawili hukosea mahali pamoja, kwani hulichukua shaka kana kwamba ni la aina moja.

Shaka hufanana na homa. Homa huarifu kwamba mwili una jambo, lakini haitaji jina la ugonjwa, na tabibu mwenye busara hatoi dawa kabla ya kupima. Mtunzi naye anapaswa kwanza kuuliza shaka lake limetoka wapi. Historia ya nyimbo mashuhuri za karne iliyopita inatoa mifano inayosaidia kupima.

Shaka la kwanza ni la umiliki. Paul McCartney wa kundi la Beatles la Uingereza aliamka siku moja katika nyumba iliyoko Wimpole Street, London, alikokuwa akikaa na familia ya mchumba wake, akiwa na mahadhi kamili kichwani. Yalikuwa yamemjia usingizini. Yalikuja kwa wepesi mno hata hakuamini kuwa ni yake. Alidhani ni wimbo wa zamani aliousikia mahali akausahau. Hakuyatupa mahadhi hayo, wala hakuharakisha kuyaita yake. Kwa muda aliwapigia watu wenye ujuzi wa muziki, akimwuliza kila mmoja kama anayafahamu. Ili yasimpotee aliyaimbia maneno ya mzaha kuhusu mayai ya kuvuruga. Hakuna aliyeyatambua. Maneno yenyewe yalipatikana baadaye, mengine akiwa safarini Ureno mwaka 1965, na tarehe 14 Juni mwaka huo "Yesterday" ikarekodiwa. Shaka la McCartney lilihusu jambo lenye jibu la ndiyo au hapana, nalo lilitaka uchunguzi. Uchunguzi ulipokwisha, shaka nalo likaondoka. Mtunzi anayehofu kwamba ameiba bila kujua hana haja ya kukaa na hofu hiyo mwaka mzima, na aulize.

Shaka la pili ni la maneno. Mtunzi anajua kwamba ana kitu mkononi, ila hajui ni beti zipi zinazokibeba. Leonard Cohen, mshairi na mwimbaji wa Canada, alikaa miaka kadhaa na wimbo wake "Hallelujah". Aliandika beti kwa makumi, na mwenyewe alisimulia jinsi alivyofika kukaa sakafuni katika hoteli moja ya New York, akikigonga kichwa chini kwa kushindwa kuumaliza. Wimbo ulitoka katika albamu yake Various Positions ya mwaka 1984, na kampuni yake ya santuri ikakataa kuitoa albamu hiyo nchini Marekani.

Laiti hadithi ingeishia hapo, mtu angesema Cohen alipoteza miaka yake. Haikuishia hapo. John Cale, mwanamuziki mzaliwa wa Wales, alipotaka kuuimba wimbo huo alimwomba Cohen maneno yake, akapokea kwa faksi kurasa nyingi za beti. Cale akachagua alizozitaka, akaurekodi kwa sauti na piano mwaka 1991. Jeff Buckley wa Marekani akaufuata mpangilio wa Cale katika albamu yake Grace ya mwaka 1994, na kutoka hapo wimbo ukaenea duniani. Cohen alifariki mwaka 2016 akiwa ameusikia katika vinywa vya mamia ya waimbaji.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba shaka la maneno haliondolewi kwa kuongeza maneno. Cohen aliumaliza wimbo siku alipokubali kuchagua. La pili ni kwamba hakuzichoma beti alizoziacha. Zingalichomwa, Cale asingalikuwa na cha kuchagua.

Shaka la tatu ni zito zaidi, kwa sababu mtunzi huwa haushuku wimbo peke yake; hujishuku mwenyewe. Mwaka 1966 Brian Wilson, kiongozi wa kundi la Beach Boys la California, alikuwa na umri wa miaka 24. Akishirikiana na mwandishi wa maneno Van Dyke Parks, alianza albamu iliyoitwa Smile, akiirekodi vipande vipande kwa nia ya kuviunganisha baadaye. Matarajio yalikuwa makubwa, na majalada yalikwisha kuchapwa. Lakini ndani ya kundi palikuwa na ubishi juu ya maneno ya nyimbo hizo, pakawa na kesi na kampuni ya santuri, pakawa na dawa za kulevya, na afya ya akili ya Wilson ikawa inadhoofika. Vipande viliongezeka, na njia ya kuviunganisha haikuonekana. Mwaka 1967 kazi hiyo ikaachwa.

Kumwambia mtu aliye katika hali hiyo kwamba maji ameyavulia nguo, basi ayaoge, ni kumsukuma mahali pa kuzama. Wilson alihitaji kupona kabla ya kuhitaji kumaliza. Kwa miaka mingi hakupenda hata kuzungumzia Smile. Hata hivyo kanda zilihifadhiwa, na Februari 2004, akiwa na miaka 61, alipanda jukwaani katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, pamoja na wanamuziki waliozipenda nyimbo hizo kuliko alivyozipenda yeye, akaiimba Smile mwanzo hadi mwisho. Albamu mpya ilitoka mwaka huohuo, na kanda za asili zikatolewa mwaka 2011. Wilson alifariki Juni 2025.

Mfano huo usipambwe kupita kiasi. Kilichosikika mwaka 2004 hakikuwa kile ambacho kingesikika mwaka 1967. Sauti ya kijana ilikuwa imekwenda, na zama zilizokuwa zikiisubiri albamu hiyo zilikuwa zimepita. Kuacha kulikuwa na gharama ya miaka 37. Lakini gharama ya kuendelea ingaliweza kuwa mtu mwenyewe, na hakuna wimbo wenye thamani hiyo.

Shaka la nne ni la nyenzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Lennon alirekodi nyumbani kwake New York, kwa sauti yake na piano, kanda ya wimbo ambao hakuumaliza. Aliuawa tarehe 8 Desemba 1980. Mjane wake, Yoko Ono, baadaye alizikabidhi kanda zake kwa wenzake watatu waliobaki wa Beatles. Kutokana nazo walikamilisha "Free as a Bird", iliyotoka mwaka 1995, na "Real Love", iliyotoka mwaka 1996. Wimbo wa tatu, "Now and Then", waliujaribu mwaka 1995 wakauacha. Kanda ilikuwa na mvumo, piano ilikuwa ikiifunika sauti, na George Harrison hakuridhika nao.

Wahenga walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo jipya lilipatikana miaka mingi baadaye, pale kompyuta zilipofundishwa kuitenga sauti ya mtu na sauti ya ala zilizorekodiwa pamoja. Sauti ya Lennon ikatolewa ikiwa safi, gitaa alilopiga Harrison mwaka 1995 likaingizwa, McCartney na Ringo Starr wakaongeza sehemu zao, na tarehe 2 Novemba 2023 wimbo ukatoka.

Ufundi ulilijibu swali la nyenzo, lakini ukaliacha wazi swali jingine. Harrison alikuwa amefariki mwaka 2001, na hakuwepo kuulizwa tena. Lennon hakuacha maagizo. Wapo wasikilizaji waliotokwa na machozi, na wapo waliouliza kwa haki kabisa iwapo mwenye wimbo mwenyewe angekubali utoke. Mtunzi anayeacha wimbo bila neno lolote huwaachia wengine uamuzi ambao ulikuwa wake.

Limebaki shaka la tano, nalo ndilo linalohalalisha kuacha. Ni shaka la maudhui: mtunzi anahisi kwamba hana la kusema. Katika Kiswahili shaka hili lina hatari ya pekee, kwa sababu mapokeo ya ushairi humpa mtunzi njia ya kuliziba. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, aliweka wazi kanuni za vina na mizani. Shairi linalozoeleka zaidi lina mishororo minne kwa ubeti, na kila mshororo una mizani 16, yaani nane na nane. Kanuni hizo ni hazina. Humwambia mtunzi ni lini ubeti umetimia, na humfichulia mahali alipolegeza kazi. Lakini hazimwambii kama ubeti huo ulistahili kuandikwa. Fundi hodari anaweza kuufikisha mwisho wimbo mtupu kwa hesabu tu, ukatimia vina na mizani, na msikilizaji asikumbuke hata neno moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua, mtunzi na afanye majaribio mawili. Kwanza, aseme kwa lugha ya kawaida, bila vina wala mahadhi, wimbo huo unamwambia nani, na jambo gani. Pili, aukalie kimya wiki mbili tatu, aone kama kuna kipande kinachorudi chenyewe akiwa jikoni au ndani ya basi. McCartney asingalifaulu jaribio la kwanza alipokuwa akiimba habari za mayai, lakini la pili angalilifaulu bila shida, kwani mahadhi yale hayakumwacha. Wimbo unaoshindwa majaribio yote mawili unaweza kuachwa bila aibu. Wimbo unaofaulu hata moja unastahili kufikishwa mwisho, japo kwa hali ya ufukara: sauti moja na ala moja, uimbwe mbele ya mtu mmoja mwenye masikio na asiye na sababu ya kusifu. Yapo mashaka ambayo wimbo nusu hauwezi kuyajibu, kwa kuwa msikilizaji hawezi kuihukumu safari ambayo haijafika.

Na ule unaoachwa, usifutwe. Gharama ya kuuhifadhi leo ni ndogo mno, na mtu anayeufuta usiku wa hasira anamnyima haki mtu mwingine, ambaye ni yeye mwenyewe baada ya miaka ishirini. Uandikiwe tarehe, uandikiwe sababu ya kuachwa: maneno hayajapatikana, sauti haifiki, afya hairuhusu, au sina la kusema. Kama mtunzi hataki uguswe na mtu baada yake, aandike hilo pia, tena wazi, ili warithi wake wasije wakabaki kubishana juu ya matakwa ya mtu asiyeweza tena kuulizwa.